Sauti Iliyokatwakatwa: Jinsi Simu ya Intaneti Inavyofanya Kazi

Ukitamka "haloo" kwenye simu ya intaneti, neno hilo halisafiri likiwa neno. Kulitamka kunachukua kama nusu sekunde, na kabla hujafunga mdomo simu imeshalikata vipande ishirini na ushei, kila kimoja kikiwa na sauti ya milisekunde 20 tu. Vile vya "ha" viko njiani wakati wewe bado uko kwenye "loo". Huko njiani kila kipande kinajitegemea: kimoja kinaweza kupita njia hii na kingine njia ile, cha saba kikakitangulia cha sita, cha kumi na moja kikapotea kabisa. Mwenzako upande wa pili anasikia "haloo" moja, safi, kana kwamba mmekaa chumba kimoja.

Wengi tunaijua simu hii kama "simu ya bure", na jina hilo limetuficha mengi. Limetufanya tuione kama simu ile ile ya kawaida iliyopunguziwa bei, wakati kinachotokea ndani yake ni namna nyingine kabisa ya kusafirisha sauti. Ukielewa jambo moja kuhusu namna hiyo, kwamba kila kipande kinatakiwa kiwahi lakini si lazima vyote vifike, uzuri wake na kasoro zake vinaanza kujieleza vyenyewe.

Njia ya kukodi na njia ya pamoja

Simu ambayo Alexander Graham Bell aliipatia hataza mwaka 1876 ilihitaji njia ya umeme isiyokatika kutoka mdomoni mwa mmoja hadi sikioni mwa mwingine. Mwanzoni opereta aliiunga njia hiyo kwa mkono, akichomeka waya ubaoni. Baadaye mitambo ya kujiendesha, kama ule wa Almon Strowger uliopata hataza mwaka 1891, ikaichukua kazi hiyo. Kanuni ilibaki ile ile: mkiwa hewani, njia ni yenu peke yenu. Mkinyamaza, nayo inanyamaza, na hakuna mwingine awezaye kuitumia. Tena katika mazungumzo ya kawaida mmoja husema na mwingine husikiliza, kwa hiyo muda mwingi karibu nusu ya njia hiyo iko tupu. Ndiyo maana simu ya mbali ilihesabiwa kwa dakika na kwa umbali. Ulikuwa unakodi kitu.

Hapa kuna jambo ambalo watu hulichanganya. Hudhani intaneti ndiyo iliyoigeuza sauti kuwa namba, kumbe ilishageuzwa zamani. Mhandisi Mwingereza Alec Reeves aliibuni mbinu hiyo miaka ya 1930, na kampuni za simu zikaja kuitumia kati ya mtambo na mtambo: sauti inapimwa mara 8,000 kila sekunde, kila kipimo kinaandikwa kwa biti 8, yaani tarakimu nane za sifuri au moja, jumla yake biti 64,000 kwa sekunde. Kwa hiyo hata simu ya mezani kwa miongo kadhaa imekuwa ikipitisha namba katikati ya safari. Kilichobaki kubadilika ni namna ya kuzibeba.

Namna mpya ilifikiriwa miaka ya 1960 na watu wawili, kila mmoja kivyake: Paul Baran huko Marekani na Donald Davies huko Uingereza. Badala ya kumtengea mtu njia nzima, kata ujumbe wake vipande vidogo, kiandike kila kipande anwani ya kinakokwenda, kisha viache vipite kwenye njia za pamoja na vipande vya watu wengine. Davies ndiye aliyevipa jina la pakiti. Mwaka 1974 watafiti walizungumza kwa pakiti kupitia ARPANET, mtandao uliozaa intaneti. Mwaka 1995 kampuni ya VocalTec ya Israel ikatoa programu ya kupigiana simu kwa kompyuta, na mwaka 2003 ikaja Skype, iliyofungwa Mei 2025 baada ya kuwazoesha mamilioni ya watu tabia hii.

Safari ya milisekunde 20

Tukifuate kipande kimoja cha ile "haloo".

Maikrofoni inageuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme, na umeme unapimwa na kuwa namba. Namba hizo zinaingia kwenye kodeki, yaani programu ya kuzibana. Kodeki nzuri inajua sauti ya binadamu inavyotoka kooni na mdomoni, kwa hiyo haihitaji kubeba kila kipimo. Inabeba maelezo mafupi yanayomtosha mwenzake wa upande wa pili kuijenga sauti upya. Zile biti 64,000 za simu ya zamani zinaweza kupungua hadi 24,000 na sauti ikawa nzuri kuliko ilivyokuwa. Kodeki iitwayo Opus, iliyosanifishwa mwaka 2012 na inayotumika bila malipo ya leseni, inaweza kushuka hadi biti 6,000 kwa sekunde mtandao unapokuwa dhaifu, kisha ikapanda tena hali ikitengemaa, katikati ya mazungumzo yale yale.

Baada ya kubanwa, sauti inatiwa kwenye bahasha. Kwa kiwango cha biti 24,000 kwa sekunde, sauti ya milisekunde 20 ni baiti 60 tu (baiti moja ni biti 8). Maandishi ya juu ya bahasha, yaani anwani ya mtumaji na mpokeaji, namba ya mfuatano na muhuri wa wakati, huchukua kama baiti 40. Bahasha inakaribia uzito wa barua! Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusiweke sauti nyingi zaidi katika kila bahasha ili kuokoa nafasi. Jibu liko kwenye saa. Pakiti ya sekunde nzima ingebidi ikungoje useme sekunde nzima ndipo iondoke, na mwenzako angekusikia ukiwa umeshahamia jambo jingine. Vipande ni vidogo ili viwahi.

Na kuwahi ndiko kunakoitofautisha simu na karibu kila kitu kingine cha intaneti. Ukifungua ukurasa au ukipakua faili, pakiti ikipotea kompyuta yako inaomba iletwe tena, na inasubiri. Lazima isubiri, kwa sababu faili lenye tundu katikati halifunguki. Sauti haiwezi kusubiri. Silabi inayofika baada ya sentensi kupita imekuwa kelele. Kwa hiyo simu ya intaneti kwa kawaida hutumia utaratibu uitwao UDP, usioulizia wala kurudisha kilichopotea. Pakiti ikikosekana, kodeki ya upande wa pili inaziba tundu kwa kukisia, kwa mfano kwa kuirefusha sauti iliyotangulia. Tundu la milisekunde 20 sikio halilioni. Yakifuatana matano au sita, unasikia neno limemezwa.

Pia kuna pakiti zinazofika, ila kwa kuchelewa tofauti tofauti. Ziliondoka kwa mwendo sawa, moja kila milisekunde 20, lakini njiani zilipanga foleni kwenye ruta, vile vifaa vinavyoelekeza pakiti, pamoja na video za watu, barua pepe na michezo. Zinafika mbili kwa pamoja, kisha kimya, kisha nyingine. Zikichezwa hivyo hivyo, sauti itakuwa ya kukwaruza. Kwa hiyo simu inayopokea inaziweka kwanza kwenye akiba ndogo, inazipanga kwa namba zake za mfuatano, kisha inazitoa kwa mwendo sawa. Hapo kuna mvutano usioisha: akiba ikiwa kubwa sauti inalainika lakini mazungumzo yanachelewa, ikiwa ndogo mazungumzo yanakuwa ya papo kwa papo lakini kila pakiti iliyochelewa inatupwa. Programu nzuri hupima hali ya mtandao na kubadilisha ukubwa wa akiba huku mkiongea.

Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza kwamba sauti kutoka mdomoni hadi sikioni ichukue milisekunde 150 au pungufu ili mazungumzo yaende kwa raha. Bajeti hiyo huisha haraka. Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 10,000 peke yake ni milisekunde 50, na hakuna mhandisi awezaye kulipunguza hilo kwenye waya huo. Ongeza kukata, kubana, foleni na akiba, na umeshaukaribia mpaka. Sauti ikipitia setilaiti iliyo juu kilomita karibu 36,000, kupanda na kushuka tu ni kama robo sekunde. Hapo ndipo huanza ile ya "sema wewe", "hapana, endelea wewe", watu wawili wenye heshima zao wakikatizana bila kosa la yeyote.

Namba isiyo na waya

Mpaka hapa nimesema kuhusu sauti. Kabla ya sauti kuna kazi nyingine: kumtafuta mtu.

Katika simu ya zamani namba ilikuwa ncha ya waya. Kumpigia mtu kulikuwa ni kuupigia ukuta fulani, ukitumaini yuko karibu nao. Katika simu ya intaneti, kifaa chako kikiwashwa kinaijulisha seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma: niko hapa, anwani yangu ya sasa ni hii. Ukihamia mtandao mwingine kinajulisha upya. Anayekutafuta anaiuliza seva, nayo inakufikishia mwaliko. Utaratibu unaotumiwa sana kwa kazi hii, SIP, ulitolewa mwaka 1999 na kuboreshwa mwaka 2002, na ujumbe wake ni maandishi ambayo mtu anaweza kuyasoma: mwaliko, kisha "inaita", kisha "sawa, nimepokea", na mwishoni "kwaheri". Baada ya "sawa" seva mara nyingi hujiondoa, na sauti hupita moja kwa moja kati ya vifaa viwili.

Tenganisho hili la utafutaji na sauti ndilo lililoniletea usumbufu ambao sijausahau. Tulikuwa ofisini na simu mpya za intaneti. Zinaita vizuri, tunapokea, mteja anatusikia, sisi hatumsikii hata chembe. Kwa siku mbili tulibadilisha mikono ya simu, tukabadilisha nyaya, tukamlaumu aliyetuuzia. Kosa lilikuwa kwenye anwani. Ruta huvipa vifaa vya ndani anwani za ndani, zile zinazoanza na 192.168, ambazo nje hazina maana yoyote, kama vile kumwelekeza mgeni "chumba cha tatu" bila kumwambia jengo. Simu zetu zilikuwa zikijitambulisha kwa anwani hiyo. Sauti yetu ilifika salama kwa sababu anwani ya mteja ilijulikana; sauti yake ilitumwa mahali pasipokuwepo. Siku hizi programu nyingi hulitatua hili zenyewe: huiuliza seva ya nje "wewe unaniona kwa anwani gani?", na njia ya moja kwa moja ikishindikana kabisa, sauti hupitishwa kwenye seva ya katikati. Inafanya kazi, ila kwa kuongeza milisekunde kadhaa.

Faida zinakotoka

Bei ndiyo inayotajwa kwanza, na sababu yake sasa iko wazi: hukodi njia. Pakiti zako zinatumia nafasi pale tu zinapopita, na umbali hauingii kwenye hesabu ya bili. Lakini "bure" si neno sahihi, kwa kuwa bando linaliwa. Kwa mfano wetu wa baiti 100 kwa pakiti na pakiti 50 kwa sekunde, dakika moja ni kilobaiti 300 kwenda na 300 kurudi. Saa nzima ya maongezi ni megabaiti 36 hivi. Ukiwasha video hesabu hiyo inapaa mara nyingi zaidi. Na ukiipigia namba ya simu ya kawaida kutoka kwenye programu, sauti lazima ipitie lango linalounganisha mitandao miwili, na mwenye mtandao wa upande wa pili anadai malipo yake.

Mimi, hata hivyo, ninaithamini zaidi sauti yenyewe. Simu ya zamani ilibeba masafa ya kati ya hezi (mitikisiko kwa sekunde) 300 na 3,400 tu. Herufi S ina nguvu yake kubwa juu ya hapo, na ndiyo maana kwenye laini ile ulihitaji kukisia kama mtu kasema "nimesikia" au "nimefikia". Kodeki pana hubeba hadi hezi 7,000 na kuendelea. Mtu anayesikia kwa shida, au anayezungumza lugha asiyoizoea, anaiona tofauti hiyo mara moja, na hata mwenye masikio mazima huchoka polepole zaidi.

Kisha pakiti haijali imebeba nini. Sauti, picha na maandishi vyote ni namba. Kwa jamii ya viziwi hili lilikuwa badiliko kubwa kuliko tunavyolizungumzia: simu iliyojengwa kwa ajili ya sikio ikawa dirisha la kuongea kwa lugha ya alama, uso kwa uso, na mikono ikaonekana. Nikitakiwa kuchagua faida moja ya kuitetea, ningechagua hii.

Kwa ofisi, faida ni kwamba mtambo wa simu umekuwa programu. Asterisk, iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999 na kutolewa bure, iliwapa watu wenye kompyuta ya kawaida mambo yaliyohitaji makabati ya mitambo: kuhamisha simu, kurekodi, kupanga wapigaji foleni, kuifanya namba moja iite mezani, kwenye kompyuta na mfukoni kwa wakati mmoja. Mfanyakazi akihama chumba au akihama mji, namba inamfuata.

Usiri una pande mbili. Baadhi ya programu husimba sauti, yaani huigeuza fumbo, kutoka kifaa hadi kifaa, kiasi kwamba hata mwenye seva hawezi kuisikiliza. WhatsApp imefanya hivyo kwa watumiaji wake wote tangu 2016. Lakini usimbaji unaficha mlichosema. Nani alimpigia nani, lini, kwa muda gani, hayo seva inayaona, maana bila kuyajua isingewaunganisha. Na simu ikivuka lile lango la kwenda namba ya kawaida, usimbaji huo unaishia hapo.

Hata anayeapa kwamba yeye hupiga "simu ya kawaida" tu huenda yumo humu bila kujua. Mtandao wa 4G ulijengwa kwa pakiti pekee, hauna ile njia ya kutengewa. Ama simu inashuka kwenye mtandao wa zamani wakati wa kuongea, ama inatumia VoLTE, iliyoanza kibiashara mwaka 2012, ambayo ni sauti ya pakiti iliyopewa kipaumbele mbele ya data nyingine. Kipaumbele hicho ndicho kinachoifanya isikatekate pale ambapo simu ya programu inahangaika. Nako Uingereza imepanga kuzima mtandao wake wa simu za waya wa shaba ifikapo Januari 2027.

Ilichokipoteza

Simu ya mezani ya waya wa shaba ililetewa umeme na kituo cha simu kupitia waya ule ule. Taa zikizimika nyumba nzima, yenyewe ilikuwa hai. Ya intaneti inakufa pamoja na ruta. Anayeondoa laini ya zamani anapaswa kuweka betri ya akiba ya ruta, na aangalie kama kengele ya hatari, simu ya ndani ya lifti au kifaa cha mgonjwa vilikuwa vinaitegemea laini hiyo. Vilevile, namba iliyofungwa ukutani iliwaambia waokoaji nyumba ilipo. Namba inayokufuata popote haisemi uko wapi. Ukipiga simu ya dharura kwa njia hii, taja mahali ulipo kabla ya kueleza kilichotokea. Na kwa kuwa namba ya mpigaji sasa ni maandishi tu, matapeli huighushi. Namba ya benki kutokea kwenye kioo haithibitishi kwamba ni benki.

Kuisikiliza hitilafu

Ukijua safari ya pakiti, sikio lako linakuwa kipimo.

Sauti ikiwa kama ya roboti, au silabi zikimezwa, pakiti zinapotea au zinachelewa kupita akiba. Mara nyingi tatizo ni Wi-Fi ya mbali au mtu ndani ya nyumba anayepandisha video, kwa kuwa njia ya kupandisha huwa nyembamba kuliko ya kushusha. Sogea karibu na ruta, au chomeka waya, kabla ya kumlaumu mtoa huduma.

Sauti ikiwa safi lakini majibu yanachelewa, ni umbali au seva ya katikati, na kusogelea ruta hakutasaidia. Mpe mwenzako nafasi amalize.

Ukisikika upande mmoja tu, hilo ni tatizo la anwani, kama lile letu. Washa upya ruta, au jaribu mtandao mwingine. Simu na nyaya ziache.

Mwangwi ndio unaowadanganya wengi. Ukisikia sauti yako mwenyewe ikikurudia, unaanza kukagua simu yako, na simu yako haina kosa. Sauti yako imetoka kwenye spika ya mwenzako, ikaingia kwenye maikrofoni yake, na kurudi kwako. Kwenye simu ya zamani ya karibu nayo ilirudi, ila upesi mno kwa sikio kuitambua. Ucheleweshaji wa pakiti ndio unaoifichua. Mwambie yeye apunguze sauti ya spika au avae hedifoni.